Kuaga Bugendana

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za watu wanaokwenda kutafuta kazi nchi ya jirani: ujira wao, vyumba wanavyolala, taabu za mipakani. Habari za siku ya kuondoka ni chache. Mkataba ukiisha mtu hufunga mizigo, hupanda gari, basi. Lakini sisi tuliokaa ugenini mke na mume tumeona kwamba siku hiyo nayo ina kazi yake, na asiyeifanya huacha nyuma mali kubwa kuliko godoro na sufuria.

Tunaandika juu ya Bugendana, tarafa ya mkoa wa Gitega, katikati ya Burundi. Huko tulifanya kazi misimu miwili ya kahawa, mwaka 2023 na 2024. Mmoja wetu, mume, ni fundi wa mashine za kumenya kahawa. Mwenzake, mke, aliingia kazini wiki ya tatu, akichagua kahawa kwenye vichanja vya kuanikia pamoja na akina mama wa vilima vya pale.

Kwa watu wa Bugendana kwenda kufanya kazi nje si jambo geni. Wazee wana neno moja, Manamba, ambalo na sisi Watanzania tunalijua. Wakati wa ukoloni wa Mbelgiji Warundi wengi walikimbia kodi, kazi za shuruti na kiboko, wakaenda Uganda kulima katika mashamba ya Waganda, au Tanganyika kukata mkonge. Kwetu manamba ni mtu aliyeandikishwa kwa namba. Kwa Warundi neno likawa jina la nchi yenyewe: fulani alikwenda Manamba. Kipande chake kilikuwa cha siku 30, na mshahara hautoki mpaka siku zote 30 zijae. Tangu 1944 mabwana mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuwaandikisha watu, iliyoitwa SILABU. Ofisi hiyo ilijua sana kumpokea mtu. Wengine walirudi kwao na blanketi na baiskeli, wengine hawakurudi kabisa, na wajukuu zao leo ni Watanzania wa Tanga na Morogoro kama Watanzania wengine.

Turudi kwenye vichanja. Kahawa mbivu huletwa na wakulima mchana, humenywa jioni, huvundikwa usiku katika matangi, huoshwa, kisha hupelekwa juani. Hapo ndipo kazi ya akina mama inapoanza. Husimama kutwa, wameinama, wakitoa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizobaki na ganda. Jua likizidi hufunika, mvua ikitisha hufunika tena, mbio. Mashine ikiharibika fundi huitwa kwa heshima. Punje mbovu ikipita, mama huitwa kwa kelele. Lakini bei nzuri ya kahawa ya Burundi inatokana na macho ya akina mama wale, na hili hatulisemi kwa sababu mmoja wetu alikuwa miongoni mwao.

Sasa habari ya kuaga. Kirundi kina maneno yake. Mkiachana jioni kwa kutazamia kuonana tena, mtu husema n'agasaga. Lakini murabeho ni neno la kuachana kwa muda mrefu, na halitupwi ovyo. Ilipojulikana kwamba tunaondoka mwishoni mwa msimu wa 2024, majirani walianza kuja mmoja mmoja usiku, wakaketi, wakazungumza habari za mvua na maharage, wakaenda zao na n'agasaga. Siku nyingi zilipita hivyo. Murabeho waliiweka akiba.

Tuliuliza kwa nini wanalipa jambo hili uzito namna ile. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alitueleza kwa Kiswahili safi cha Kasulu, maana alilea watoto wake kambini huko. Watu wa hapa wanajua sana kuondoka bila kuaga. Mwaka 1972, na tena baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, Warundi walivuka mpaka usiku, mlango umeachwa wazi na chungu kiko motoni. Pale pale Bugendana, tarehe 20 Julai 1996, watu zaidi ya 300 waliokuwa wamekimbilia kambi ya waliohama makwao waliuawa. Na hata kurudi kwa wengi kulikuwa kwa haraka: kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ilipofungwa mwaka 2012, watu walipakiwa kwenye malori na kurudishwa. Kwa hiyo mtu akiondoka kwa amani, mchana, kwa miguu yake, na tarehe ikijulikana, hiyo kwao ni neema, na hawako tayari kuipitisha kwa haraka.

Wakati majirani wakituaga hivyo, ofisi ya mwajiri wetu nayo ilikuwa ikituaga kwa namna yake. Fundi alikuwa na mkataba wa maandishi. Mke alikuwa kibarua wa siku, jina lake limeandikwa kwa kalamu ya risasi katika daftari la shule. Karani wa malipo akatoa cheti kimoja cha kazi, kwa jina la mume, akasema kinatosha kwa sababu sisi ni nyumba moja. Tulikataa kukipokea peke yake. Nyumba ni moja, lakini mgongo uliokuwa ukiinama kwenye vichanja ulikuwa wa mmoja.

Sheria ya kazi ya Burundi humpa mfanyakazi anayeondoka haki ya cheti, na haisemi cheti cha mume. Tena Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inamruhusu mfanyakazi kufuatana na mwenzi wake wa ndoa, na mwenzi huyo naye kuajiriwa. Akiajiriwa, ni mfanyakazi, si mzigo uliokuja na mfanyakazi.

Tulimwendea mwakilishi wa chama. Yeye hakupiga kelele. Aliomba daftari lifunguliwe mbele ya watu, akahesabu mstari kwa mstari: siku 71 msimu wa kwanza, siku 84 msimu wa pili. Kazi hiyo ilichukua siku nne, nasi tukakosa gari tuliloahidiwa, na mwaka ule petroli ilikuwa adimu nchini hata gari la pili lilikuwa la kubahatisha. Lakini daftari likiwa wazi, akina mama wengine nao waliomba kuhesabiwa siku zao. Karani alisema wao hawaondoki. Wakamjibu kwamba ndiyo maana wanataka kujua.

Cheti cha mke kilitoka Ijumaa, kimepigwa muhuri, kimetaja siku zote 155. Michango yake ya hifadhi ya jamii ya msimu wa kwanza haikuwa imelipwa, na tulipoondoka ilikuwa bado.

Jumamosi walituaga. Urwarwa, pombe ya ndizi, iliwekwa katikati, na hakuna aliyeigusa mpaka mzee aliposimama akasema neno lake, refu kama kawaida ya Warundi, na mume akasimama kujibu. Kisha akina mama wa vichanja wakamtaka mke naye aseme. Kwa kawaida ya kilima kile mgeni mwanamke hasemi mbele ya wazee. Mzee alitazama chini kidogo, akakubali. Mke alisema Kirundi chake cha vichanjani, watu wakacheka, wakapiga makofi. Asubuhi walitusindikiza hadi barabarani na agaseke, kikapu chenye mfuniko, kimejaa maharage. Hapo ndipo walipotamka murabeho. Tukashika njia ya Gitega, Karuzi na Muyinga, tukavuka Kobero.

Msimu wa 2025 tulipigiwa simu. Daftari sasa linasomwa kwa sauti kila Jumamosi kabla ya malipo. Mama mmoja bado anadai siku 12 za mwaka 2023, na mwakilishi wa chama ameziandika kwa wino.