Moto wa Buluu Hauthibitishi Usalama wa Pombe

"Nimewasha kidogo kwenye kijiko, ikawaka buluu. Si basi ni safi?" Naulizwa swali hili Mwingi, naulizwa Wote, tena na watu waliosoma kemia shuleni. Jibu ni hapana. Narudia kwa sababu imani hii inaua.

Moto huonyesha jambo moja tu: kwamba kinywaji kinatoa mvuke wa kutosha kuwaka. Hautambui mvuke huo ni wa nini. Wiski ya Highlands, Scotland, inayotiwa chupani na nguvu yake ya pipa bila kuzimuliwa, mara nyingi ina kileo cha asilimia 55 hadi 60. Hiyo itawaka bila shida. Wiski ya kawaida ya asilimia 40 hushika moto ikifika joto la nyuzi 26 hivi. Kwa hiyo chupa ileile itawaka mchana wa Kibwezi na kukataa asubuhi ya baridi kwenye milima ya Mbooni. Je, imegeuka sumu njiani? Kaluvu, pombe yetu ya kienyeji, haiwaki kabisa, kwa kuwa kileo chake ni kidogo. Je, nayo ni sumu kwa sababu hiyo?

Sasa tazameni methanoli, sumu yenyewe. Hushika moto kwenye nyuzi 11 tu, na mwali wake ni wa buluu hafifu. Kwa kipimo cha kijiko, methanoli hufaulu kuliko wiski halali! Kipimo kinachopasisha sumu si kipimo, na anayewaonyesha wateja mwali huo anawapotosha.

Ulimi na pua navyo havitakuokoa. Methanoli ya viwandani hulewesha, na walaghai huichanganya kwenye pombe ili iwe kali kwa bei ya chini. Mwilini, ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, inayoharibu neva ya macho. Mililita 10 za methanoli tupu, yaani vijiko viwili vya chai, zaweza kupofusha. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa za Kenya, Kitui na Makueni zikiwemo.

Maziwa na mayai mabichi kama dawa ya sumu hii? Acheni. Hayalizuii ini kutengeneza asidi hiyo.

Ya kufanya ni haya. Usinywe pombe kali usiyojua ilikotoka. Kagua stempu ya ushuru kwa programu ya Mamlaka ya Mapato (KRA), na kataa chupa iliyofunguliwa. Mtu akiona ukungu, akitapika, akiumwa tumbo au akihema haraka, hata siku moja baada ya kunywa, mkimbizeni hospitali ya rufaa ya kaunti, mkibeba chupa. Huko kuna matibabu: dawa ya kulizuia ini, na mashine ya kusafisha damu. Msimwache alale "pombe imtoke". Saa mnazomwacha alale ndizo zinazoyapoteza macho yake, na kisha uhai.