Wikendi ya Kuspoti Ndege: Vile Unaweza Toka Nairobi Hadi Mombasa Hewani na Urudi Bila Kulala Seli

Kuna wasee Jumamosi huamka waende kanisa. Kuna wengine huamka na hangi. Halafu kuna sisi. Saa kumi alfajiri tuko macho, kamera ya mtumba shingoni, pawabenki imejaa, chapo mbili kwa bagi, na tunapanda ndege kuenda kuangalia... ndege zingine.

Nilipomshow mathe naenda Mombasa kwa ndege, siku mbili tu, na lengo si bahari, alinyamaza kwanza. Halafu akauliza, “Kwani umepata kazi?”

Sikuwa nimepata kazi mpya. Nilikuwa nimeweka soo mbili hapa, soo tatu pale, miezi saba. Niliacha koleji mwaka wa pili juu karo iligoma, na kozi yenyewe ilikuwa ya ufundi wa ndege. Kwa hivyo hizi mashine sitazifungua injini leo wala kesho, lakini kuziangalia hakuna mtu ananilipisha.

Kama umewahi simama Mombasa Road ukiinua kichwa kila ndege ikishuka, hii ni yako. Wacha nikupange.

Kwanza, kuspoti ndege ni nini?

Ni kuangalia ndege, kuzitambua, kuandika namba zake na kuzipiga picha. Ni hivyo tu. Kuna wasee hukusanya namba za usajili vile wengine hukusanya stika za Premier League. Kuna wa picha peke yake. Na kuna wale wanataka kupanda kila aina ya ndege angalau mara moja maishani.

Hiyo namba ya usajili huwa imeandikwa upande wa nyuma, karibu na mkia. Ni kama namba pleti ya mat, tofauti ni kwamba herufi za mwanzo zinakuambia nchi. 5Y ni Kenya. 5H ni Tanzania, 5X Uganda, 9XR Rwanda, ET Ethiopia. Ukiona A6 hiyo imesajiliwa kule Emirates, A7 ni Qatar, TC ni Uturuki. Enzi za mkoloni ndege za Kenya zilianza na VP-K, na ukiona hizo herufi kwa picha ya zamani utajua tu miaka yake.

Herufi zinazofuata pia zinaongea. Ukiona ndege ya KQ inaanza na 5Y-KZ, hiyo ni familia ya Boeing 787 Dreamliner, yenye viti 234. Huhitaji hata kusoma: angalia nyuma ya injini, utaona kingo zimekatwa meno meno kama msumeno. Hayo meno yako pale kupunguza kelele.

Kwa nini Mombasa?

Juu ni karibu, hauhitaji pasipoti, na safari ni fupi hadi unaweza enda na kurudi wikendi moja. Madaraka Express inachukua kama saa tano. Ndege inakaa hewani chini ya saa moja.

Sababu ya pili ni kwamba viwanja hivi viwili vina tabia tofauti kabisa. JKIA iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Moi International iko kama mita 60 tu. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, mabawa na injini zinapata hewa kidogo ya kushika, na ndege iliyojaa lazima ikimbie sana ndio iinuke. Ndio maana ranwei ya JKIA ina urefu wa zaidi ya kilomita nne. Mombasa hewa ni nzito. Joto la Pwani nalo linaipunguza uzito kiasi, lakini bado iko mbele ya Nairobi.

Sasa fanya hivi: wakati ndege inaanza kukimbia, hesabu sekunde hadi magurudumu yaachie ardhi. Hesabu Nairobi, halafu uhesabu tena ukirudi kutoka Mombasa kama umepanda ndege ya aina ile ile. Uzito wa mzigo na abiria huleta tofauti, kwa hivyo si mtihani wa fizikia. Lakini nakuambia ile siku nilihesabu, nilielewa kitu ambacho lecturer alinichorea ubaoni wiki mbili bila kuingia.

Chagua ndege kwanza, bei baadaye

Mtu wa kawaida hubuku tiketi kwa kuangalia bei na saa. Spota huangalia pia aina ya ndege. Ukibuku, mara nyingi tovuti huonyesha ndege gani inafanya hiyo safari. Soma hapo kabla ulipe.

Jambojet, ile kampuni ndogo ya KQ iliyoanza kuruka Aprili 2014, hutumia Dash 8-400. Hii ni ya mapanga mawili, kila moja na mapanga madogo sita. Bawa liko juu ya madirisha, kwa hivyo hakuna kitu kinakuziba ukiangalia chini. Ukikaa karibu na injini utaona magurudumu yakijikunja na kuingia ndani, live bila chenga. Kelele ni mob, lakini hukuja kulala.

KQ nayo ina Embraer 190, ya viti 96, wawili upande huu wawili upande ule. Hakuna kile kiti cha katikati cha mateso. Pia ina Boeing 737-800, ambayo ncha za mabawa zimekunjwa kuenda juu.

Ujanja wangu: enda na aina moja, urudi na nyingine. Safari moja, ndege mbili kwa daftari. Lakini kaa ukijua kampuni inaweza badilisha ndege dakika ya mwisho, na hakuna mtu atakurudishia doo juu ulitaka mapanga ukapata jeti.

Kuhusu doo: buku mapema, epuka Ijumaa jioni na likizo za shule, na enda na bagi ya mkononi pekee. Ukiona kurudi kwa ndege kutakumaliza, ruka kuenda na urudi na SGR. Ekonomi ilipandishwa hadi 1,500 mwaka wa 2024, na hiyo bado ni nafuu kuliko kukopa.

Kaa upande wa kulia

Hii wengi hawajui. Ukitoka Nairobi kuenda Mombasa, Kilimanjaro uko upande wa kulia. Ukirudi uko kushoto. Asubuhi mapema ndio kuna nafasi ya kuuona kabla mawingu hayajaufunika. Mita 5,895, na wewe uko hapo kwa dirisha na chapo mkononi.

Mimi niliuona dakika kama sita hivi. Buda mmoja kando yangu, mtu wa suti, alikuwa amelala. Nilimgusa. Aliangalia, akasema “haiya,” akatoa simu. Akaniambia amepita hapo miaka na miaka na hajawahi jua.

Muulize upepo: kusi au kaskazi?

Ndege hupenda kupaa na kutua ikiangalia upepo. Ukijua upepo unatoka wapi, unajua zitatokea upande gani na usimame wapi na kamera.

Ranwei hupewa namba kulingana na dira. Chukua nyuzi, toa sufuri ya mwisho. Ya JKIA ni 06 upande mmoja na 24 upande mwingine, maana yake nyuzi 60 na 240. Upepo ukitoka mashariki, ndege hutua kwa 06, zikitokea upande wa mbuga ya Nairobi National Park na kukata Mombasa Road. Ndio maana wasee wa jam pale huziona zikipita chini hivyo.

Mombasa ranwei kubwa ni 03 na 21. Na hapa wazee wa Pwani walishatusaidia kitambo. Kaskazi, kuanzia kama Desemba hadi Machi, hupuliza kutoka kaskazini mashariki, na hapo 03 ndio inapendeza. Kusi, kutoka kama Aprili hadi Septemba, hupuliza kutoka kusini, na mambo yanageuka kuwa 21. Nahodha wa jahazi na rubani wa jeti wanasoma upepo ule ule. Ukimaliza hapo, kaskazi pia ndio msimu Wazungu wanakimbia baridi kwao, kwa hivyo ndege za mbali huongezeka. Mbali na za hapa nyumbani, pale utapata za Ethiopian, na flydubai ambao walianza kuja Mombasa Januari 2024.

Simu yako inajua vitu mob

Weka apu ya Flightradar24. Hiyo kampuni ni ya Sweden, na inavyofanya kazi si uchawi. Ndege inajua iko wapi kwa GPS, halafu kila mara inatangaza mahali ilipo, urefu na kasi yake kwa mawimbi ya redio. Kuna watu wa kawaida dunia nzima wameweka vipokezi kwa paa zao, vinasikiliza hayo matangazo na kutuma kwa intaneti. Kwa hivyo unaona ndege kwa ramani dakika kadhaa kabla uisikie. Unapata muda wa kufuta lenzi na kumeza chapo.

Sasa hapa ndio maneno iko: usishikwe

Miaka miwili iliyopita nilisimama nje ya ua la uwanja mmoja wa ndege, sitautaja. Kamera juu, niko kwa dunia yangu. Sikusikia gari likisimama nyuma. Nilikalishwa kwa mchanga masaa matatu, nikaulizwa nimetumwa na nani. Sikuwa na jibu juu hakuna mtu alikuwa amenituma. Picha zangu zote zilifutwa, hata za birthday ya sistangu. Na hapo nilikuwa na bahati.

Unadhani ni Kenya tu? Novemba 2001, spota kumi na wawili wa Uingereza na wawili wa Uholanzi walishikwa Ugiriki, pale Kalamata, kwenye kambi ya jeshi la anga. Aprili 2002 korti iliwapata na hatia. Wanane walipewa miaka mitatu, wengine mwaka mmoja wa nje. Waliachiliwa kwa rufaa Novemba 2002. Karibu mwaka mzima wa maisha juu ya namba za ndege kwa daftari.

Kwa hivyo shika hizi:

Usipige picha ya kitu chochote cha jeshi au polisi. Si ndege, si helikopta, si geti. Hata kama ni kali aje.

Usisimame kando ya ua na kamera kama hujaongea na mtu. Uwanja wa ndege ni mahali pa ulinzi. Kama unataka kupiga picha za maana, andikia Kenya Airports Authority uombe ruhusa, na utembee na hiyo barua.

Sehemu ya ukaguzi na uhamiaji, kamera ikae kwa bagi. Askari pia si wa kupigwa picha.

Droni wacha nyumbani. Inahitaji idhini ya KCAA, na karibu na uwanja wa ndege inaweza ua watu.

Ukiulizwa, jibu pole pole, onyesha kitambulisho, fungua picha. Usibishane kuhusu haki zako ukiwa peke yako saa moja usiku.

Mahali safi zaidi pa kupiga picha ni ukiwa abiria: dirisha la pale unasubiri ndege, na dirisha la ndege yenyewe. Tiketi ndio inakupa sababu ya kuwa pale. Hata hivyo, Mombasa niliuliza askari kwanza. Alinicheki, akacheka: “Ndege piga. Sisi usitupige.” Hilo lilikuwa jibu la huyo na la siku hiyo. Wewe uliza tena.

Masaa yaliyobaki

Wikendi ni fupi, usiimalize yote Port Reitz. Jumamosi mchana nilichukua tuktuk hadi kisiwani, nikala mahamri na mbaazi, nikatembea Mji wa Kale hadi Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593. Jioni nikakaa Mama Ngina na dafu na mihogo, nikihesabu namba za siku. Kumi na moja mpya. Lala mapema, mahali pa bei ya chini, juu Jumapili asubuhi unataka kufika eapoti saa tatu au nne kabla ya ndege yako. Wenzako wataona umechizi. Huo ndio muda wako wa kazi.

Je, hiyo doo ilistahili? Ningenunua viatu. Ningelipa deni ya duka. Lakini ningebaki yule msee wa kuangalia ndege kutoka chini.

Jumapili usiku nilimwonyesha mathe picha ya Kilimanjaro. Ameishi Embakasi miaka ishirini na moja, kelele za ndege zinamwamsha, na hajawahi panda hata moja. Aliishika simu muda mrefu. Halafu ndege moja ikapita juu ya ploti.

“Na hiyo,” akauliza, “namba yake ni gani?”

Nikamfungulia apu. Sasa naweka soo mbili mbili tena, safari hii za tiketi mbili. Yeye atakaa dirishani, upande wa kulia.