Fahamu: Kwa nini somo la ujasiriamali chuoni halitoshi
Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), kilichopata hadhi hiyo mwaka 2012, kimezungukwa na soko: mpunga wa Kyela na Mbarali, ndizi na parachichi za Rungwe. Chuo Kikuu cha Iringa nacho kina Kiota Hub, kituo cha kulea biashara changa. Lakini mwanafunzi aliyeandika mchanganuo mzuri wa biashara bado hajauza kitu. Kinachomkwamisha ni mteja wa kwanza na mtaji. Mkopo wa halmashauri upo, asilimia 4 ya mapato ya ndani kwa vijana, ila hutolewa kwa vikundi, na kikundi cha wanachuo husambaratika mara baada ya mahafali, huyu Mwanza, yule Tanga.

Wapo wasemao chuo si gulio, tena biashara changa nyingi hufa. Hilo la pili ni kweli, na ndilo linalolipindua la kwanza: ni nafuu kushindwa ukiwa na karakana ya chuo kuliko ukiwa na deni. Mwanafunzi ambaye mashine yake ya kukoboa imekataliwa na wakoboaji wa mpunga wa Ubaruku, Mbarali, amejifunza habari za bei, vipuri na umeme kwa mkupuo. Basi alama zitolewe kwa mauzo, hata yakiwa kiduchu.