Kompyuta Haijafa, Diski Ndiyo Iliyochoka

Imekuwa ada katika maofisi yetu, na hata majumbani, kwamba kompyuta ya mkononi ikianza kujikokota, mtu akaiwasha asubuhi, akanywa chai na kurudi akaikuta bado haijawa tayari, basi hukumu hutolewa papo hapo: imezeeka, inunuliwe nyingine. Hukumu hiyo aghalabu hutolewa pasipo shahidi wala uchunguzi. Nakiri kwamba nami nimepata kuwa mmoja wa mahakimu hao.

Miaka michache iliyopita nilitia sahihi yangu ili kompyuta tatu ziondolewe katika ofisi niliyokuwa nikifanya kazi, kwa kosa hilo la uzito. Zikauzwa kwa bei ya vyuma chakavu. Haukupita muda mrefu nikaingia katika kibanda cha fundi mmoja kijana, huku kwetu Ngamiani mjini Tanga, kwa haja ya chaja ya simu. Juu ya meza yake nikaiona mojawapo, namba ya ofisi ingali ubavuni, ikifungua kazi zake upesi kuliko ile mpya tuliyoinunua kushika nafasi yake! Nikamwuliza ameifanyia nini.

"Sikufanya kubwa, mzee," akanijibu. "Nimetoa hadi diski nikatia SSD. Mengine yote ni yale yale mliyoyauza." Kisha akavuta mtoto wa meza, akanionyesha kile kidude alichokitoa. "Na hii ndiyo diski yenu. Mafaili yenu yote yamo."

Maneno yale mawili, la kwanza na la pili, hayajanitoka. Nianze na la kwanza.

Diski ya zamani ni sahani ya duara iliyopakwa utando wa sumaku, nayo huzunguka mfululizo wakati mashine inafanya kazi. Katika kompyuta nyingi za mkononi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, ndiyo kusema mara 90 kwa sekunde. Juu yake kuna mkono mwembamba unaokwenda mbele na nyuma kutafuta mahali palipoandikwa jambo linalotakiwa. Mwendo huo kwa macho ya binadamu ni wa kasi ya ajabu. Lakini kwa kuwa kila kipande lazima mkono usogee na sahani izunguke hadi kifike chini yake, diski hiyo huchota vipande mia moja hivi tu kwa sekunde, pengine pungufu. Nayo kompyuta ikiwashwa huhitaji maelfu ya vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika huku na huku. Ubongo wa mashine, ambao hupiga hatua mabilioni kwa sekunde, hukaa bure ukingoja. Ni mfano wa karani hodari anayeletewa mafaili na tarishi mzee, apandaye na kushuka ngazi kwa kila karatasi moja. Tumefukuza karani, ilhali mchovu ni tarishi.

SSD haina sahani wala mkono. Hutunza habari katika vipande vya elektroniki vya jamii ile ile iliyomo ndani ya simu na flashi, ambavyo asili yake ni kazi ya mhandisi wa Kijapani, Fujio Masuoka, alipokuwa katika kampuni ya Toshiba miaka ya 1980. Kwa kuwa hakuna kinachozunguka, huchota vipande makumi ya maelfu kwa sekunde. Tena haitishiki sana na mtikisiko wa basi. Ile ya inchi 2.5 imeundwa kwa umbo la diski ya zamani, hata huingia pale pale kwa bisibisi moja na subira kidogo. Fundi yule alinieleza kwamba bei ya SSD aliyoitia haikufika sehemu ya kumi ya bei tuliyolipia mashine mpya. Nilinyamaza.

Lakini isije ikadhaniwa kwamba dawa hii huponya kila ugonjwa. Ziko kompyuta ambazo hifadhi yake imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao wake, kama zilivyo nyingi za Apple za miaka hii na zile ndogo za bei nafuu. Hizo hazibadilishiki kwa bisibisi. Ziko ambazo zimekwisha kuwekwa SSD tangu kiwandani, na uzito wake una sababu nyingine: RAM kidogo, virusi, au vumbi lililoziba feni. Na ubao wenyewe ukiwa umeungua, kutia diski mpya ni israfu tu.

Kadhalika kuna jambo la tarehe. Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masahihisho ya kawaida ya bure ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 nayo, kwa kanuni za wenyewe, haipokei kompyuta nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2017 au 2018, hata zikitiwa diski nzuri namna gani. Hapo mwenye mashine ya zamani zaidi ana mawili: kununua, au kuhamia Linux, ambayo haina malipo na huandika barua vilevile. Kwa mwanafunzi na karani njia hiyo ya pili yatosha kabisa. Kwa anayetegemea programu maalumu ya mahesabu, asihame kabla hajauliza.

Anayenunua ajihadhari na bandia. Ziko zilizobandikwa karatasi ya terabaiti mbili na ndani hamna hata sehemu ya kumi yake. Hupokea mafaili kwa utii, na siku ya kuyataka hayapo. Ijazwe na kusomwa tena mbele ya muuzaji. Na diski ya zamani ikianza kutoa mlio wa kugonga-gonga, mtu asiizime na kuiwasha akitumaini itapona. Atoe nakala kwanza, saa ile ile.

Sasa lile neno la pili. Katika diski zile tatu mlikuwa na majina ya watu, namba zao za simu, na barua za malalamiko walizotuletea kwa siri. Tulikuwa tumeyafuta, au ndivyo tulivyodhani. Lakini kufuta faili ni kuondoa jina lake katika orodha tu, maandishi yenyewe hubaki mpaka yaandikwe mengine juu yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kutuwekea wajibu juu ya habari za namna hiyo, na sioni kama wajibu huo humalizika pale mashine inapouzwa.

Nilizinunua diski zote tatu siku ile kwa fedha yangu mwenyewe. Mbili fundi aliziandika upya mwanzo hadi mwisho mbele yangu, kazi iliyochukua mchana mzima. Ya tatu haikukubali tena kuandikika, tukaivunja sahani yake kwa nyundo nje ya kibanda, watoto wakitutazama.