Mwenye kuchimba atajwe: tuzo za elimu ya nyota zinatuhusu pia

Kila mfuko wa kasiterite unaotoka rasmi kwenye milima ya Walikale na Masisi uko na etiketi. Ile etiketi inasema madini yametoka wapi. Haisemi ni mikono ya nani iliyayatoa. PDG wa shimo anajulikana kwa jina, mnunuzi anajulikana, hata kampuni inayoyeyusha kule ng'ambo inajulikana. Mwenye kushuka na torshi kichwani, yeye anaitwa "mchimbaji" tu, basi.

Sisi wa sendika hapa Mpofi tunaijua hii habari ju tunaiishi. Lakini ndugu wachimbaji, na nyinyi mama na papa wenye watoto masomoni, musifikiri ni sisi peke yetu. Iko hata kwa wale wataalamu wakubwa wanaochunguza nyota. Kule pia kuna wenye kuchimba na kuna wenye kupokea. Na kule pia, jina ambalo hakuna mtu ameliandika kwenye karatasi, linapotea.

Msichana mwenye nyundo

Mwaka 1967, kwenye chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, kulikuwa mwanafunzi mmoja wa doktora, Jocelyn Bell, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini. Mkubwa wake wa kazi aliitwa Antony Hewish. Kazi yao ilikuwa kusikiliza mawimbi ya redio yanayotoka mbali mbinguni. Lakini chombo cha kusikilizia hakikuwako. Walikijenga wenyewe. Karibu miaka miwili Jocelyn na wenzake walipiga miti ardhini kwa nyundo kubwa na kufunga nyaya, kwenye shamba la karibu hekta mbili. Hiyo si kazi ya ofisi. Hiyo ni kazi tunayoijua siye.

Chombo kilipoanza kazi, kikawa kinatoa karatasi ya mistari, karibu metre 30 kila siku. Kompyuta ya kuisoma haikuwako kwao. Jocelyn ndiye aliisoma kwa macho, mstari kwa mstari. Jumla alipitia karibu kilomita 5 za karatasi. Mama yeyote aliyekwisha kuchagua kasiterite ndani ya changarawe anaelewa: macho yanachoka, lakini macho yaliyozoea yanaona kile ambacho mgeni hawezi kuona.

Ndani ya zile kilomita aliona alama ndogo ambayo haikufanana na kitu chochote. Ilikuwa inarudi kila mara kutoka upande ule ule wa mbingu. Mkubwa wake kwanza alifikiri ni kelele ya mitambo ya watu. Jocelyn hakuachilia. Walipoipima vizuri, wakakuta mapigo yanayofuatana sawasawa, kama moyo wa mtu, moja kila sekunde moja na theluthi. Kiisha akapata nyingine sehemu nyingine ya mbingu. Hapo ikawa wazi kwamba si kelele ya watu. Ilikuwa aina mpya ya nyota, zile zinazoitwa leo pulsa: nyota iliyokufa, yenye uzito kuliko jua, lakini imefinywa hata ikawa mpira wa kilomita kama 20 tu, na inazunguka haraka sana.

Habari ilitangazwa mwezi wa pili 1968. Majina matano yaliandikwa: la Hewish kwanza, la Jocelyn Bell la pili. Mwaka 1974 tuzo ya Nobel ya fizikia ikatolewa kwa ajili ya elimu ya nyota. Walioipata ni Hewish na Martin Ryle. Sheria ya Nobel inakubali watu watatu kwa tuzo moja. Viti vitatu vilikuwako, viwili vikakaliwa, kimoja kikabaki wazi. Na yule aliyeona alama kwa macho yake hakuitwa kukikalia.

Jocelyn mwenyewe hakulalamika. Alisema mkubwa ndiye anabeba mzigo wa kazi, ikifaulu ao ikianguka. Lakini wengine walilalamika kwa sauti, hata mtaalamu mwenye jina kubwa kama Fred Hoyle. Mpaka leo watu wanaijadili.

Kwa nini tunawaeleza nyota za mbali hivi? Ju ziko karibu kuliko munavyofikiri. Tarehe 17 mwezi wa nane 2017, wataalamu waliona nyota mbili za hiyo jamii zikigongana, na wakaona dalili kwamba madini mazito, dhahabu ikiwemo, yanatengenezwa katika mgongano wa namna ile. Dhahabu tunayoosha kwenye mito ya Kivu iko na historia inayoanzia huko juu.

Mlango ulifunguka kidogo

Baada ya 1974 mambo yalibadilika, pole pole. Mwaka 1974 wenyewe, mwanafunzi Mmarekani Russell Hulse, pamoja na mwalimu wake Joseph Taylor, alivumbua pulsa inayozungukana na nyota nyingine. Nobel yao ilikuja mwaka 1993, na safari hii majina yalikuwa mawili: la mwalimu na la mwanafunzi. Mwaka 1995, Michel Mayor wa Geneva na mwanafunzi wake Didier Queloz walitangaza sayari inayozunguka nyota inayofanana na jua letu. Mwaka 2019, wote wawili waliitwa kupokea Nobel.

Na Jocelyn? Mwaka 2018, miaka zaidi ya 50 baada ya ule usomaji wa karatasi, alipewa tuzo kubwa ya dola milioni 3. Hakubakiza kitu. Alizitoa zote zilipie masomo ya doktora ya fizikia kwa wanafunzi wanaosahauliwa: wanawake, watu wa makabila machache, na wakimbizi. Ndiyo, wakimbizi. Sisi ambao tumekwisha kubeba magodoro mara ngapi kwenye barabara ya Masisi, hilo neno tunalisikia kwa sikio lingine.

Kisha jina lake likawa medali. Shirika la elimu ya nyota la Ulaya lilianzisha medali ya Jocelyn Bell Burnell, na mwaka 2021 mtu wa kwanza kuipata alikuwa Mirjana Pović, mzaliwa wa Serbia aliyefanya kazi Ethiopia, hapa hapa Afrika ya Mashariki, akifundisha vijana na kujenga elimu ya nyota. Jina lililosahauliwa sasa linatafuta majina ya wengine.

Mfano wa jirani

Kuna mfano mwingine wa karibu, hata kama si wa nyota. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mtoto wa shule huko Magamba, Tanzania. Akitengeneza barafu ya maziwa, aliona maziwa yaliyowekwa ya moto yaliganda mbele ya yale ya baridi. Aliuliza, akaambiwa amekosea. Wenzake wakamcheka. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni aliyetoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne. Osborne hakucheka. Alirudi chuoni, akaomba ijaribiwe. Mwaka 1969 wakaandika makala pamoja, na jina la Mpemba likawekwa mbele ya lile la mwalimu. Wataalamu wanabishana mpaka leo kama jambo lenyewe ni kweli kila mara, lakini duniani kote linaitwa kwa jina la Mpemba. Mtu mzima mmoja tu alikubali kuandika jina la mtoto.

Jina halijipeleki lenyewe

Hapa ndipo tunataka wazazi na walimu wasikilize vizuri. Tuzo haianguki kama mvua. Lazima mtu apendekeze jina. Kwa Nobel, mtu hawezi kujipendekeza mwenyewe; ni wale waliokaribishwa na kamati ndio wanaandika, na barua zinafungwa tarehe 31 ya mwezi wa kwanza. Tuzo nyingine ziko na milango mipana zaidi, lakini nyingi zinaomba barua ya mwalimu ao mwenzake wa kazi.

Barua nzuri inaonyesha mambo matatu. La kwanza, mtu alifanya nini yeye mwenyewe. "Alisaidia sana" haina uzito. "Alisoma kilomita 5 za karatasi na kuona alama ambayo wengine hawakuiona", hiyo iko na uzito. La pili, mashahidi wanaomjua kwa kazi, si kwa undugu. La tatu, tarehe na karatasi: lini, wapi, na nini kinabaki cha kuonyesha.

Afrika iko na shirika lake la elimu ya nyota, lililoanzishwa mwaka 2011 kule Cape Town. Mwezi wa nane 2024, Umoja wa Kimataifa wa Elimu ya Nyota, ambao uko tangu 1919, ulifanya mkutano wake mkuu Cape Town, mara ya kwanza Afrika. Kwenye ule mradi mkubwa wa antena za redio wa Afrika ya Kusini, nchi nane za Afrika zilijiunga, kati yao Kenya na jirani yetu Zambia. Kongo haimo. Lakini kosa la kutokuwamo si la watoto.

Na tusiseme nyota si jambo letu. Mfupa wa Ishango ulifukuliwa mwaka 1950 na Mbelgiji Jean de Heinzelin, pale mto Semliki unapotoka kwenye ziwa Edouard, katika mkoa wetu wa Kivu ya Kaskazini. Uko na miaka kama 20,000, umechorwa mistari ya kuhesabu. Mmarekani Alexander Marshack aliwaza kwamba ni hesabu ya miezi ya mbinguni. Wengine wanasema ni hesabu za namna ingine. Mfupa wenyewe uko Brussels. Mwenye kuuchora hakuacha jina.

Tufanye nini hapa?

Tunasikia mtu anauliza: watoto hawana hata viti, nyota zitatuletea nini? Swali ni la haki. Tuzo haitajaza sufuria kesho. Lakini tabia ya kuandika majina inasaidia mahali pengi. Shimo likianguka, mjane anaulizwa: karatasi gani inaonyesha bwana yako alikuwa anafanya kazi hapa? Tumekwisha kumsindikiza mama namna hiyo zaidi ya mara moja, na akarudi mikono mitupu, ju hakuna aliyeandika. Ni ugonjwa ule ule, na dawa ni ile ile.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Kila prefe na kila mwalimu wa hesabu na fizikia awe na daftari: mtoto gani aliuliza nini, alifanya nini, tarehe gani. Jina la mtoto, si "kundi la kalasi ya tano". Wazazi, mupige picha ya buletini na diploma ya Leta, muitume kwa ndugu aliye mbali, ju vita ikija karatasi zinabaki nyumbani. Watoto wetu waliofika chuo kikuu, Goma ao Kisangani, wawaombe maprofesa wao barua mapema, mbele ya kuondoka, si miaka mitano nyuma.

Na nyinyi vijana, mukiwa siku moja wakubwa wa kazi, mukumbuke aliyeshika nyundo. Munapoandika ripoti, muandike na jina lake.