E-Sir: Kijana wa Nairobi Aliyekibeba Kiswahili

Huku Embu ninakofanya kazi, lugha ya sokoni ni Kiembu. Lakini matatu ikipiga “Boomba Train”, vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mwimbaji wake alipofariki hufuatisha kwa Kiswahili neno baada ya neno. Ni wimbo wa Issah Mmari, tuliyemjua kama E-Sir, akishirikiana na Nameless.

E-Sir alizaliwa 1981 akakulia South C, Nairobi. Alirekodi na Ogopa Deejays, ambao mtindo wao ulikuja kuitwa kapuka. Wakati huo marapa wengi wa jiji waliegemea Sheng na Kiingereza. Yeye alitanguliza Kiswahili: vina vyake vilikaa sawa, utani wake ulieleweka, na hata mzee alimsikiliza bila kutafuta mkalimani.

Machi 16, 2003, akirudi Nairobi kutoka Nakuru, gari lao lilipata ajali. Nameless, aliyekuwa naye, alinusurika. E-Sir alifariki akiwa na miaka 21, akatuachia albamu moja tu, “Nimefika”.

Sisi wa Pwani tumezoea kusema watu wa bara wanakiharibu Kiswahili. Huyu alikifikisha hadi miteremko ya Mlima Kenya bila ubao wala chaki. Ajabu ni kwamba baadhi ya chipukizi wetu wa Mombasa na Malindi siku hizi wanahangaika kuiga Sheng ya Nairobi, ilhali Mnairobi aliyependwa hivi alipanda jukwaani na lugha ya kwetu. Wamsikilize tena.