Fahamu: Jinsi kadi moja ya mtandao inavyobeba mitandao mingi

Seva ina tundu moja tu la kebo ya mtandao, lakini inahudumia wahasibu, kamera za ulinzi na wageni wa Wi-Fi, kila kundi kwenye mtandao wake. Kinachowezesha hilo ni violesura pepe: milango ya mtandao inayoundwa na programu juu ya kadi moja halisi.

Lebo ya baiti 4

Njia iliyozoeleka zaidi ni VLAN, ambayo kiwango chake, IEEE 802.1Q, kiliidhinishwa mwaka 1998. Kila fremu ya data huongezewa lebo ya baiti 4, na ndani yake biti 12 hubeba namba ya mtandao. Biti hizo hutoa namba 4,096. Mbili zimetengwa, zinabaki 4,094.

Kwenye Linux, kiolesura cha VLAN namba 10 juu ya kadi eth0 kwa desturi huitwa eth0.10, na hupewa anwani yake ya IP kana kwamba ni kadi kamili. Swichi, yaani kifaa ambacho kebo ya seva huchomekwa, nayo lazima iruhusu namba hiyo kwenye tundu husika. Hapa ndipo mafundi wengi hukwama: wanapekua seva usiku kucha, kumbe kasoro iko kwenye swichi.

Njia nyingine

Macvlan hukipa kila kiolesura anwani yake ya MAC, yaani utambulisho wa kadi ya mtandao. Kwenye Wi-Fi mara nyingi hugoma.

Je, kasi huongezeka?

Hapana. Violesura vyote hugawana uwezo wa kadi ileile, na ikiungua, vyote huzimika.